Msuguano Baina ya Tairi na Barabara

Watu wengi hudhani kuwa breki ndizo zisimamishazo gari. Kwa hakika breki huzuia magurudumu tu. Kinacholisimamisha gari ni msuguano baina ya tairi na barabara.

Gari liendalo kilometa 72 kwa saa hukata meta 20 kila sekunde. Katika lami kavu, ambamo kani ya msuguano yaweza kufikia sehemu 7 kwa 10 za uzito wa gari, litasimama baada ya meta 29 hivi tangu breki zikamate. Lami ikilowa, kani hiyo ikashuka hadi sehemu 4 kwa 10, zitahitajika meta 51. Mtoto avukaye njia umbali wa meta 40 yumo katika tofauti hiyo.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani vumbi na mafuta yaliyodondoka huchanganyika na maji yakawa utelezi. Mifereji ya tairi huyatoa maji hayo pembeni. Tairi lililolika halina mifereji. Katika mwendo wa kasi huelea juu ya maji, na hapo hata usukani hauligeuzi gari.