Albamu ya kuuza mkononi: kutoka Kitwe hadi Dzaleka

Na Mwandishi Wetu, Lilongwe

Oktoba 2024, rapa wa Marekani Tyler, the Creator alitoa wimbo uitwao Noid. Ndani yake kuna gitaa lenye kelele na sauti za waimbaji ambazo msikilizaji wa hapa Kawale anazielewa bila mkalimani, kwa kuwa ni Kinyanja, ndugu wa damu wa Chichewa. Kipande hicho kimetoka katika Nizakupanga Ngozi, wimbo wa mwaka 1977 wa bendi ya Zambia iliyoitwa Ngozi Family. (Msomaji wa Kiswahili asijichanganye: huku ngozi ni ajali au hatari, si ile ya mwilini.) Kiongozi wa bendi, Paul Ngozi, alifariki mwaka 1989.

Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake, ambayo leo dunia inaiita Zamrock. Wakati ule vijana wa miji ya migodi ya shaba walikuwa wakisikiliza Rolling Stones, Jimi Hendrix na James Brown, kisha wakapiga yao. Serikali ya Kenneth Kaunda ikawapa msukumo ilipoagiza redio ipige zaidi muziki wa nyumbani.

Albamu iliyofungua njia ilitoka Kitwe, mwanzoni mwa muongo huo. Bendi ilikuwa WITCH, mwimbaji wake Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, jina alilolitohoa kutoka kwa Mick Jagger. Waliiita Introduction. Inatajwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya Zambia kuingizwa sokoni, ingawa neno “sokoni” hapa lina utani kidogo. Zambia haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo nakala zikatengenezwa Nairobi, nazo zilikuwa chache. Wanamuziki wenyewe waliziuza kwenye maonyesho yao, mkono kwa mkono, kwa mashabiki waliokwisha lipa kiingilio.

Jukwaani WITCH walikuwa na mashabiki tele. Santuri ndiyo haikuwatajirisha, na ukitazama ramani ya wakati ule huwezi kuulaumu muziki wao. Januari 1973 mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa, na ukabaki hivyo kwa miaka kadhaa. Kaskazini, Zaire ilikuwa na rumba yake, iliyotamba hata kwenye baa za upande wa Zambia. Reli ya TAZARA ilikuwa bado inajengwa. Na mashariki kulikuwa na Malawi ya Kamuzu Banda, ambako sheria ya mavazi ya mwaka 1973 ilipiga marufuku suruali za bugaluu na wanaume kufuga nywele ndefu. Mgeni aliyefika na nywele zake mabegani alikuwa akikutana na mkasi kabla ya kugongewa muhuri. Hebu fikiria bendi ya roki ya wakati huo ikishuka kwenye basi hapa Lilongwe. Sheria hiyo ilidumu hadi miaka ya 1990.

Ndani ya Zambia nako mambo yalikuwa yakiharibika. Bei ya shaba ilianguka katikati ya muongo, na vita vya nchi jirani vikaleta amri za kutotembea usiku. Maonyesho yaliyozoea kukesha yakahamia mchana. Jagari aliiacha bendi akasomea ualimu, na miaka ya baadaye akawa mchimbaji wa vito. Wenzake wa kikosi kile cha kwanza walifariki mmoja baada ya mwingine, wengi kwa UKIMWI. Kampuni ya Now-Again ya California ilipotoa upya rekodi zao miaka ya 2010, kati yao alikuwa amebaki Jagari peke yake. Akarudi jukwaani, filamu kuhusu bendi ikatoka 2019, na 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Nakala ya awali ya Introduction, ile ya kuuzwa mlangoni, sasa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huinunua kwa mamia ya dola.

Nimeileta hadithi hii Kawale kwa sababu ya watu walio kilomita kama 45 kutoka hapa. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Wanamuziki wamo. Kurekodi si tatizo kama lilivyokuwa kwa WITCH: kompyuta moja na maikrofoni vinatosha, na wimbo ukiwa tayari hausubiri kiwanda cha Nairobi.

Kinachokosekana ni kile WITCH walichokuwa nacho, yaani ruhusa ya kwenda kwa mnunuzi. Sera ya Malawi inamtaka mkimbizi aishi kambini. Mei 2023 polisi waliendesha msako Lilongwe kuwarudisha waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mjini. Maduka yakafungwa na familia zikapakiwa kwenye malori. Tangu hapo, msanii wa Dzaleka anayetaka kupiga usiku mmoja mjini na kuuza kazi yake mlangoni anaanza kwanza na suala la kibali.

Mara moja kwa mwaka mwelekeo hugeuka. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi na mwanamuziki Mkongo Menes la Plume, huwaleta maelfu ya wageni ndani ya kambi, na baadhi hulala kwenye nyumba za wakimbizi. Kwa siku hizo chache mnunuzi ndiye anayesafiri. Kisha minibasi hurudi Lilongwe.

Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na pamoja na Malawi imo katika SADC na COMESA. Hakuna hata moja kati ya jumuiya hizo tatu iliyompa mpiga gitaa wa Dzaleka karatasi ya kumfikisha Kawale Jumamosi jioni na kumrudisha Jumapili.