Je, Wajua? Kemia ya Maua ya Shaba

Je, wajua kuwa kwenye vilima vya shaba vya Katanga, ambako miti mingi hushindwa kuota, hustawi *Haumaniastrum katangense*, mmea wa ukoo mmoja na rehani? Wanaakiolojia wameufuata hadi mahali ambapo wahenga waliyeyusha shaba.

Mimea hutengeneza flavonoidi, kemikali zinazochangia rangi ya maua na kukinga majani dhidi ya jua kali. Baadhi yake hushikamana na shaba. Anayetaka kuzitoa kwenye mimea ya vilima vya Kolwezi, huko huko Katanga, lazima aoshe majani kwa makini sana, kwani watafiti wamebaini kuwa sehemu ya metali iliyowahi kupimwa kwenye mimea ya vilima hivi ilikuwa vumbi tu lililoganda juu ya jani. Kisha majani hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika methanoli iliyochanganywa na maji.

Ili kutenganisha flavonoidi hizo, mchujo wake husukumwa kwa pampu ndani ya kolamu, bomba jembamba la chuma lililoshindiliwa chembe za silika zilizopakwa minyororo ya kaboni 18. Rutini, flavonoidi iliyobeba sukari, hupenda maji na hutoka mapema. Kwesetini, flavonoidi isiyo na sukari, hung'ang'ania ndani na kuchelewa. Zinapotoka, mwanga wa urujuanimno huzitambua, kila moja ikichora kilele chake.

Wazo hili la kutenganisha kemikali kwa kolamu si jipya: Mrusi Mikhail Tsvet alitenganisha rangi za majani kwa chaki huko Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20.

Cha kusikitisha, migodi inavila vilima vya shaba vya Katanga. *Crotalaria cobalticola*, ndugu wa marejea, hutegemea udongo wa vilima hivyo wenye kobalti.