Uzi: "Barricade" ni neno la nani?

1/ Wadau wa siasa, leo tuchambue neno moja ambalo halikosekani maandamano yakijadiliwa: "barricade". Kwa Kiswahili tunasema kizuizi na maisha yanaendelea. Lakini hili la Kiingereza limetoka mbali, na huko lilikotoka kuna kitu cha kutufaa.

2/ Waingereza walilitoa kwa Wafaransa. Linahusishwa na "barrique", yaani pipa. Mei 12, 1588, Mfalme Henri III alikuwa ameingiza askari Paris, wakiwemo Waswisi wa kukodiwa. Wakazi wakajaza mapipa udongo na mawe, wakafunga mitaa. Askari wakakwama. Kesho yake mfalme akatoroka.

3/ Kwa hivyo mwanzoni hii ilikuwa silaha ya raia dhidi ya mtawala. Paris waliirudia 1830 na 1848. Mji ulipojengwa upya chini ya Napoleon III, zile barabara pana zilikuwa na faida nyingine: si rahisi kuzifunga, na jeshi linapita bila shida.

4/ Sasa turudi Nairobi. Julai 7, 2025, Saba Saba, polisi walifunga barabara kuu za kuingia mjini. Matatu yetu iligeuzia Thika Road, tukashuka tukaanza kutembea. Kulikuwa na mama mmoja ameshika kadi ya kliniki, anauliza kila anayekutana naye: "Kijana, huko mbele kunapitika?"

5/ Jioni nikawasha TV. Vijana wakichoma matairi, wachambuzi wanasema wameweka "barricades". Polisi wakitandaza seng'enge, eti "usalama umeimarishwa". Kwani huyo mama alifungiwa na nani? Barabara ikifungwa imefungwa, ila jina linategemea aliyeifunga.

6/ Sheria inasema nini? Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kukusanyika na kuandamana, kwa amani na bila silaha. Cha 39, uhuru wa kutembea. Serikali ikitaka kupunguza haki hizi, Kifungu cha 24 kinadai iwe kwa mujibu wa sheria, na kwa kiasi kinachofaa. Kwa maandamano, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka notisi kwa polisi, siku 3 hadi 14 kabla. Notisi, wasee. Si kuomba ruhusa.

7/ Na tusijidanganye: hakuna kifungu kinachompa mwandamanaji haki ya kumchomea mwenzake tairi njiani. Kipimo kiwe kimoja kwa wote.

8/ Kwa hivyo ukisikia neno hili kwenye mdahalo, uliza: nani amefunga, kwa sheria gani, kwa muda gani, na mgonjwa apitie wapi? Anayeshindwa kujibu hayo manne, awe wa upande wako au wa pili, anapiga siasa tu.

Neno gani lingine tulichambue wiki ijayo? Andika hapo chini.