Deraya ya plastiki yataka gundi ipi?

Mpwa wangu aishiye Uingereza alinunua deraya. Wasomaji wasishtuke, hakuingia jeshini. Deraya yenyewe ni ya plastiki nyeupe, mfano wa ile iliyovaliwa na askari wa kubuniwa katika filamu ya Star Wars, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1977. Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima maelfu, wenye kazi na familia zao, ambao hujiundia mavazi ya namna hiyo. Chama chao mashuhuri, 501st Legion, kiliasisiwa Marekani mwaka 1997, na wanachama wake huvaa deraya hizo bila malipo kwenda kuwachangamsha watoto hospitalini na kusaidia kuchangisha fedha za misaada.

Deraya hiyo haiji ikiwa imekamilika. Huja sandukuni vipande vipande, mabamba ya plastiki yaliyopashwa moto na kuvutwa juu ya kalibu kwa nguvu ya hewa. Kila mkono una nusu mbili, kila paja nusu mbili, kila muundi nusu mbili. Mnunuzi ndiye akate kingo, apige msasa na kuunganisha. Mpwa wangu alikuwa ameweka akiba kwa miezi mingi, wala hakutaka kungoja zaidi. Akanunua gundi ya kichupa kidogo ishikayo kwa sekunde chache, ile ambayo hata hapa kwetu haikosekani katika maduka ya mitaani. Jioni moja ikamtosha kumaliza miguu yote miwili. Siku ya kwanza ya kuivaa, mbele ya watoto waliopanga mstari ili wapige naye picha, aliinama kumsalimu mmoja wao, na paja la kulia likaachana tangu juu hadi chini.

“Shikamoo mjomba,” alinipigia simu usiku ule. “Gundi ilishika kama msumari. Sasa imeachiaje?”

Swali lake lilikuwa la haki. Gundi hiyo, ambayo wanakemia huiita sianoakrilati, ilikutwa mwaka 1942 na Harry Coover wa kampuni ya Kodak, wakati wenzake na yeye walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Waliiweka kando kwa kuwa ilinata kila ilichogusa, na haikuuzwa hadi mwaka 1958. Huganda kwa unyevu mdogo uliopo hewani na juu ya vitu, na ikishaganda huwa kavu na ngumu mfano wa kioo. Ukiivuta kwa kunyoosha, haikubali kuachia. Lakini ukiibandua kuanzia ukingoni, au ukiigonga kwa ghafla, huvunjika. Nalo paja la mtu atembeaye halivutwi kwa kunyoosha; hupindwa, hubanwa na kugongwa kila hatua.

Niongeze neno kwa wazazi, maana kichupa hicho kimo katika nyumba nyingi. Gundi hii ikimwagika, isifutwe kwa pamba wala kwa kitambaa cha pamba. Vikikutana hutoa joto linaloweza kumbabua mtu. Vidole vikigandamana, viloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha viachanishwe polepole bila kuvutwa kwa nguvu.

Basi kabla ya kuuliza gundi, hapana budi kuiuliza plastiki. Deraya hizi nyingi ni za plastiki iitwayo ABS, ndugu wa ile ya matofali ya kuchezea ya Lego na ya magamba ya kofia nyingi za pikipiki. ABS huyeyushwa na asetoni, ambayo wengi huijua kwa kufutia rangi ya kucha. Hapo ndipo inapotoka aina ya pili ya gundi, ambayo hasa ni kiyeyusho. Hulainisha nyuso mbili zikachanganyika na kuwa bamba moja, jinsi fundi bomba anavyounga mabomba yake ya plastiki. Ni kiungo imara sana, ila hakina marejeo. Ukiunga upande, utatafuta msumeno. Mimi ningeiacha kwa kuzibia nyufa tu: mabaki ya plastiki ileile hukatwakatwa, yakatiwa asetoni hadi yawe uji mzito, uji huo ukapakwa penye ufa. Kofia ya pikipiki, lakini, isiguswe kabisa na viyeyusho hivi, kwani huweza kuidhoofisha pasipo kuonekana. Na ndoo yako ya maji iliyopasuka ni plastiki ya ukoo mwingine kabisa, isiyokubali gundi hii wala ile. Ndiyo maana mafundi huiziba kwa chuma cha moto.

Waundaji wengi wazoefu wa deraya hupendelea aina ya tatu, gundi nzito yenye asili ya mpira, na jina litajwalo zaidi kati yao ni E6000. Hii ni ya polepole mno. Huhitaji saa 24 hadi 72 kukomaa, lakini ikikomaa hubaki laini kidogo, ikanyumbuka pamoja na mwili. Nusu mbili huwekwa ukingo kwa ukingo, kisha utepe wa plastiki wenye upana wa sentimita 1.5 hadi 2.5 hugandishwa juu ya mshono. Nyuso zote hukwaruzwa kwa msasa kwanza. Halafu kazi hushikwa kwa vibanio vya nguo au sumaku, na mwenyewe hulala. Ukiona kesho yake kwamba paja limebana, unaweza kuubandua utepe kwa kidole na uvumilivu, ukaanza upya bila kuharibu bamba. Kwa mtu ambaye hajawahi kuunda chochote, nafasi hiyo ya kukosea ina thamani kuliko nguvu yoyote iliyoandikwa kwenye kasha.

Gharama yake imo hewani. Kwa miaka mingi gundi hiyo imetengenezwa kwa tetrakloroethilini, dawa ileile ya mashine za kufulia suti bila maji, ambayo wataalamu wa kimataifa wa saratani wameiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha ugonjwa huo. Mpwa wangu alikusudia kufanyia kazi sebuleni, majira ya baridi, madirisha yamefungwa, na mtoto wa miezi minne amelala chumba cha pili. Mkewe akakataa katakata. Mpwa akanitaka nimtetee, nami nikamwunga mkono mkewe. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii mvuke. Tukakubaliana kwamba kazi ihamie katika banda la gari la rafiki yake, mlango ukiwa wazi, na vipande visirudi nyumbani mpaka harufu iishe.

Ilibaki kuivunja gundi ya kwanza. Wenzake chamani walimwambia kwamba baridi kali huifanya iwe rahisi kuvunjika zaidi, basi akavitia vipande katika jokofu la kugandishia. Hakumwambia mtu. Asubuhi mkewe alipofungua kutafuta samaki, alikutana na mguu mweupe wa askari.