Bloku Isajiliwe Wapi: Kwenye Kivinjari au Kwenye Seva?

Tangu toleo la 5.0 la WordPress lilipotoka Disemba 2018, na kihariri cha bloku kikashika mahali pa kile cha zamani, mtengenezaji wa mandhari za tovuti amepata uwezo wa kubuni bloku zake mwenyewe. Ila pamoja na uwezo huo limemjia suala ambalo aghalabu hulipita kwa haraka, nalo ni kama bloku hiyo aisajili kwenye kivinjari kwa JavaScript, au kwenye seva kwa PHP.

Bloku iliyosajiliwa kwenye kivinjari peke yake huonekana katika kihariri kama kawaida, na mwandishi anapohifadhi makala, fanksheni iitwayo save hutoa HTML iliyokamilika, ambayo huwekwa katika hifadhidata kati ya alama zinazotaja jina la bloku. Seva haina habari nayo. Humpa msomaji kile ilichokikuta. Kwa kisanduku cha nukuu hilo latosha. Lakini mtengenezaji akija kugeuza umbo la HTML ile, kihariri, kifunguapo makala ya zamani, hulinganisha kilichohifadhiwa na kile ambacho save ingetoa sasa, na visipoafikiana humwonya mwandishi kwamba bloku ina maudhui batili. Hapo mtengenezaji hulazimika kuihifadhi pia sura ya kale ya bloku ndani ya msimbo wake.

Ama bloku ya nyakati za swala katika tovuti ya msikiti, hali yake ni nyingine kabisa, kwa kuwa saa za leo si za kesho. Hiyo sharti isajiliwe kwenye seva: hifadhidata huweka jina la bloku na sifa zake tu, mathalan mji, na kila ukurasa unapofunguliwa PHP hutunga jedwali la siku ile. Umbo la jedwali likibadilishwa, kurasa zote hubadilika bila kuguswa.

Kwa rai yangu, hata bloku isiyobadilika yafaa ijulikane pande zote mbili. Faili la block.json, ambalo tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021 ndiyo njia inayopendekezwa, husomwa na seva kupitia register_block_type na pia na JavaScript, hata jina na sifa zisiandikwe mara mbili zikaja zikahitilafiana.

Fauka ya hayo, bloku iliyosajiliwa ndani ya functions.php ya mandhari huondoka na mandhari yake. Siku mwenye tovuti atakapobadili mandhari, nukuu itabaki ikisomeka, japo bila pambo, ilhali jedwali la swala litatoweka lote, na waumini watakuta mahali patupu. Ndiyo maana orodha rasmi ya mandhari ya WordPress.org haikubali mandhari zinazosajili bloku zake. Basi, ewe mtengenezaji, bloku yenye maandishi ya watu itie katika programu-jalizi, na mandhari uiachie sura na rangi.