Skripti Fupi, Dhamana Kubwa: Misingi ya Usalama kwa Wasimamizi wa Mifumo ya Kompyuta

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anapopokea ankara ya maji kwenye simu au kulipia leseni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, nyuma ya huduma hiyo zipo kazi nyingi asizoziona. Usiku, seva za taasisi hutengeneza nakala rudufu za kumbukumbu za siku, hulinganisha miamala na kufuta mafaili yaliyokwisha muda wake. Kazi hizo hazimsubiri mtumishi akeshe mbele ya kompyuta. Hufanywa na skripti.

Skripti ni orodha ya amri zilizoandikwa katika faili ili kompyuta izitekeleze moja baada ya nyingine. Katika seva za Linux, lugha iliyozoeleka ni Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989. Katika mazingira ya Windows hutumika PowerShell, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006. Python, iliyobuniwa na Guido van Rossum na kutolewa mwaka 1991, hutumika kote kuwili.

Skripti inaweza kuwa na mistari kumi tu, na kwa sababu hiyo mara nyingi haikaguliwi kama programu kubwa inavyokaguliwa. Hata hivyo, mistari hiyo kumi inaweza kusoma, kubadili au kufuta taarifa za maelfu ya watu. Ndiyo maana usalama wake unapaswa kuzingatiwa tangu inapoandikwa.

Nenosiri lisikae ndani ya skripti

Skripti inayonakili kanzidata hulazimika kujitambulisha kwanza. Njia ya mkato ni kuandika nenosiri ndani ya faili lenyewe. Lakini faili hilo hunakiliwa, hutumwa kwa barua pepe na huhifadhiwa katika hazina ya pamoja, na nenosiri husafiri nalo. Hata likifutwa baadaye, hubaki katika matoleo ya awali. Inashauriwa siri zote zihifadhiwe mahali tofauti panaposomwa na akaunti moja tu. Nenosiri lililokwisha kuonekana na wasiohusika halitoshi kufutwa. Ni lazima libadilishwe.

Ruhusa zilingane na kazi

Skripti ya kutoa ripoti inahitaji kusoma tu, hivyo haina sababu ya kupewa uwezo wa kufuta. Kuiendesha kwa akaunti ya msimamizi mkuu, ijulikanayo katika Linux kama root, ni kuligeuza kosa dogo kuwa maafa. Vilevile, skripti inayoendeshwa kwa mamlaka ya root isiweze kuhaririwa na mtumiaji wa kawaida. Anayeweza kuongeza mstari mmoja katika faili hilo amekwisha kupata mamlaka yote ya msimamizi mkuu.

Taarifa zinazoingia zihakikiwe

Hatari nyingine ni skripti kupokea taarifa bila kuzihakiki. Chukulia skripti inayofuta folda ambayo jina lake husomwa kutoka mahali pengine. Jina hilo likikosekana, amri ya kufuta inaweza kuangukia folda isiyokusudiwa. Katika Bash, agizo la set -u husimamisha kazi pale jina ambalo halijapewa thamani linapotumiwa.

Lugha yenyewe nayo inaweza kuwa na udhaifu. Septemba 2014 ulitangazwa udhaifu wa Bash uliopewa jina la Shellshock, uliogunduliwa na Stéphane Chazelas. Ulimwezesha mtu aliye mbali kutuma amri zake na seva ikazitekeleza, na ulikuwa umekaa ndani ya Bash kwa takriban miaka 25. Msimamizi asiyesasisha programu zake huacha wazi mlango ambao wadukuzi wameshaelezwa ulipo.

Nakala rudufu zijaribiwe

Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alikuwa akirekebisha seva ya akiba. Kwa bahati mbaya, alitoa amri ya kufuta katika seva kuu. Aliisimamisha baada ya sekunde chache, lakini kati ya takriban GB 300 za data zilikuwa zimebaki GB 4.5 tu.

Uchunguzi ulibaini kuwa kazi ya kunakili kila siku ilikuwa ikishindwa kwa sababu toleo la zana iliyotumika halikulingana na la kanzidata. Barua pepe za kutahadharisha zilitumwa, lakini zilikataliwa na mfumo wa kupokea barua. Kampuni ilinusurika kwa nakala ambayo mhandisi alikuwa ameitengeneza kwa kazi nyingine takriban saa 6 kabla. Taarifa zilizoingizwa katika saa hizo zilipotea.

Funzo lake ni kwamba ukimya wa skripti si uthibitisho kuwa imefanya kazi. Msimamizi anapaswa kurejesha nakala rudufu mara kwa mara katika seva ya majaribio na kujiridhisha kuwa zimekamilika.

Wajibu wa kisheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda dhidi ya upotevu, uharibifu na matumizi yasiyoidhinishwa. Mwananchi anayeona haki yake imekiukwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa taasisi, utekelezaji wa wajibu huo unaweza kuanza kwa hatua isiyo na gharama kubwa: kuorodhesha skripti zote zinazofanya kazi katika seva zake, na kubainisha nani aliziandika, zinatumia akaunti ipi na nani atajua zikishindwa.