Nani Mwenye Jiji la Dodoma?

Wako wananchi wengi wadhanio ya kuwa Meya ndiye mwenye jiji. Mfereji ukiziba Chang'ombe, au kiwanja kikigawiwa watu wawili, jina lake ndilo litajwalo kwanza. Si ajabu, kwa kuwa ndiye avaaye joho na mkufu siku za sherehe. Lakini sheria haikumpa Meya enzi ya kifalme.

Halmashauri za miji huendeshwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1982. Kila kata humchagua diwani mmoja kwa miaka mitano, nalo Jiji la Dodoma lina kata 41, tangu Uhuru na Viwandani katikati ya mji hata Zuzu na Hombolo. Pamoja na hao huketi wabunge, na madiwani wanawake wa viti maalumu wasiopungua theluthi moja. Madiwani ndio wamchaguao Meya miongoni mwao. Naibu wake huchaguliwa kila mwaka. Meya huongoza mikutano. Utendaji wa kila siku, pamoja na fedha na watumishi, umo mikononi mwa Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais. Yeye ni katibu wa Baraza, wala hana kura.

Basi diwani ana kura za watu lakini hana kalamu ya ofisi. Mkurugenzi anayo kalamu lakini hakuchaguliwa. Wawili hawa hukutana katika kamati. Bajeti hupita Kamati ya Fedha. Ramani na viwanja hupita kamati ya mipango miji, ndipo Baraza lijadili. Diwani asiyesoma makaratasi ya kamati hupiga kura ya kuitikia tu.

Katika Dodoma jambo hili lina uzito wake, kwa sababu ya ardhi. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu huku, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ndiyo CDA. Kwa miaka 44 ardhi ya mji ilikuwa chini yake. Hata baada ya halmashauri kurudishwa, mwananchi aliyetaka kiwanja hakuwa na haja ya kumwendea diwani, maana diwani hakuwa nacho. Alikwenda CDA, akapewa mkataba wa miaka 33, hali wenzake wa miji mingine walipata hati za miaka 99. Malalamiko yalikuwa mengi, hasa ya waliobomolewa nyumba.

Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA, na kazi zake zikakabidhiwa Halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018 akautangaza mji kuwa jiji.

Tangu hapo udhuru umekwisha. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, na mashamba ya pembezoni yamekuwa viwanja. Mkulima wa Kigogo anayepimiwa shamba lake ana haki ya kumwuliza diwani wake: fidia yangu ilijadiliwa katika kikao kipi, nawe ulisema nini? Wajibu wa diwani ni kujibu kwa tarehe na kwa hesabu.

Sharti Baraza likutane kila miezi mitatu, na mikutano yake ni wazi kwa wananchi na kwa waandishi wa habari. Hakuna kadi inayodaiwa mlangoni.